Mshale wa Jiko la Sikudhani

Bwana Mkwizu alipomaliza kuongeza baraza la vigae mbele ya nyumba yake, alimwendea jirani yake Sikudhani, mpika vitumbua, akiwa na kitabu cha fengshui mkononi, ile elimu ya Wachina ya kupanga nyumba.

"Mama, kona ya jiko lako la udongo ni mshale," alisema. "Inachoma baraza langu, bahati yote inavuja. Kesho naleta mgambo walibomoe."

Sikudhani alikuwa akilisha watoto wanne kwa jiko lile. Hakulia wala hakubishana.

"Kweli kabisa, jirani. Na choo je, kitabu kinasemaje?"

"Choo ni balaa! Mlango wake ukitazama baraza, mwenye nyumba si kufilisika tu, anaugua pia."

"Basi pole. Choo changu kiko nyuma ya jiko, na mlango unatazama kwako. Jiko ndilo linalokukinga. Karibu uani ukaone, ila mama yangu anaoga humo."

Mkwizu alirudi nyuma hatua tatu. Akapekua kitabu, jasho likimtoka.

"Hapa wanasema kona ikifanywa mviringo, mshale unakufa."

"Udongo utamomonyoka mvua ya kwanza, jirani, mshale uchomoze tena. Hapo panataka tofali."

Wiki ile ile fundi wa Mkwizu alimjengea Sikudhani jiko la tofali, kona zake za mviringo kama tumbo la mtungi, na bati jipya juu.

Siku ya kwanza ya kulitumia, Sikudhani alipita nyuma ya jiko kuchuma mchicha. Choo hakikuwahi kuwapo pale. Na mama yake alikuwa Korogwe tangu Idi.