Kofia Moja, Vifua Vitatu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisikilize hadi mwisho. Maana mwishoni nitanyamaza mimi na mtasema ninyi.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza, Lomayani, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa mchimbaji wa madini. Aliugonga mwamba mara moja tu akajua kama umebeba kitu. Wa pili, Teofrida, msichana wa miaka ishirini na saba, alikuwa fundi wa majokofu. Alitega sikio kwenye mashine akaeleza gesi inavujia wapi. Wa tatu, Bi Mwajabu, mwanamke wa miaka hamsini na sita, alikuwa mtunza kitalu cha miche. Mbegu iliyokataa kwa wengine iliota kwake.

Vipaji hivyo vyote vilikuwa vimefungiwa mahali pamoja. Wote watatu walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu, kile kilichokwisha kuwa sugu kwa dawa za kawaida, nao walilazwa katika wodi ya kutengwa, kwenye mteremko wa mlima, ndani ya uzio wa seng'enge. Wanaume walilala upande wa mashariki, wanawake upande wa magharibi. Katikati palikuwa na baraza iliyozungushiwa wavu, ndipo waliporuhusiwa kukutana, tena wakiwa wamevaa barakoa. Asubuhi sindano, kisha vidonge, kisha kulitazama lango hadi jioni. Wageni hawakuruhusiwa kupita lango hilo. Mke wa Lomayani alikuja mara mbili, akapunga mkono kutoka mbali, akaondoka.

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2013, kaka yake Teofrida alimwachia dada yake langoni kompyuta mpakato yenye mchezo mmoja ndani. Ulikuwa mchezo wa amani. Mtu mmoja ameachwa peke yake juu ya sayari tupu, nyekundu, isiyo na maji wala hewa. Hana adui, hana silaha. Anaokota mawe na vyuma, anaunda vifaa, na kidogo kidogo anaigeuza sayari ile hadi ipate kukalika. Kiwezacho kumwua ni kimoja tu: kuishiwa pumzi ndani ya kofia yake ya kioo.

Lomayani alipoelezwa hayo alicheka hata akakohoa. "Kwa hiyo tunatoka wodini tunaingia wodini!"

"Huku angalau kuna kazi, kaka," Teofrida akamjibu.

Sista Yustina, muuguzi wa wodi, akaweka sheria: saa moja kwa kila mtu kila siku, na kati ya zamu na zamu vitufe vifutwe kwa spiriti. Yule mtu wa kwenye kioo cha kompyuta alikuwa mmoja, basi wote watatu walimwongoza huyo huyo kwa kupokezana. Juu ya kioo palikuwa na vipimo vitatu: joto, kanieneo la hewa, yaani mgandamizo wake, na oksijeni. Kimoja kisipojaa, sayari hubaki mfu.

Joto lilikuwa la Lomayani. Alishuka mapangoni akachimba madini ya kuwashia mitambo ya kupasha ardhi moto, na barafu iliyolala tangu mwanzo wa dunia ile ikaanza kutiririka. Bila yeye, pasingekuwa na tone la maji.

Kanieneo lilikuwa la Teofrida. Alijenga pampu arobaini na mbili, akazipanga kwa mstari, akazirekebisha moja moja hadi hewa ikawa nzito ya kutosha kushikilia mawingu. Bila yeye, maji yote yangepotelea angani.

Oksijeni ilikuwa ya Bi Mwajabu. Alianza na kuvu, akaja kwenye majani, akamalizia na miti. Kila mche aliupa jina, na ulionyauka aliusemesha kwa Kisambaa mbele ya kompyuta, wenzake wakiangua kicheko. Bila yeye, kungekuwa na maji na mawingu, lakini pasiwe na wa kuvuta pumzi.

Tarehe 11 Juni likatokea la kutokea. Lomayani, kwa desturi ya kazi yake, aliufuata mkanda wa madini bila kugeuka nyuma, akampeleka mtu wao chini kabisa ya pango. Alipokuja kushtuka, pumzi iliyobaki kwenye chupa yake ya oksijeni haikutosha njia ya kurudia. Akawahi kujenga kibanda kidogo cha kupumulia, na vifaa vikamwishia humo humo.

"Yeyo, mama yangu, nimetuzika," akamwambia Bi Mwajabu, akiisukuma kompyuta mbali naye. "Tumwache afe, tuanze upya."

"Tuanze upya?" Bi Mwajabu akang'aka. "Mimi nina miche mia tatu huko juu! Teofrida, binti, kaa hapa. Toka hatua kumi, kwangua barafu ya kutengenezea pumzi, okota vyuma vya kibanda, rudi. Kesho kumi nyingine."

Walifanya hivyo siku tisa, watu watatu na saa zao tatu, wakijenga kibanda baada ya kibanda gizani, hadi tarehe 20 Juni mtu wao alipouona mwanga. Hapo Lomayani akainuka akatembea hadi wavuni, akasimama kulitazama lango.

Sasa nisikilizeni vizuri. Alhamisi, tarehe 26 Septemba 2013, vipimo vyote vitatu vilijaa. Anga ikawa ya samawati. Maandishi yakatokea, na Teofrida akayafasiri: hewa imefaa, kofia inaweza kuvuliwa. Atakayeivua ataulizwa jina, nalo litachongwa kwenye kilele cha mlima mkubwa kuliko yote. Jina moja, lisilozidi herufi kumi na mbili, wala halitafutika kamwe.

Siku hiyo hiyo daktari alileta majibu ya makohozi. Teofrida alikuwa amepona; angeondoka kesho yake, na kompyuta yake. Bi Mwajabu, kipimo hakikusomeka. Angoje wiki nane nyingine. Lomayani, vimelea vimerudi. Aanze matibabu upya, miezi ishirini.

Ijumaa saa nne asubuhi, gari lilikuwa langoni. Kompyuta ilikuwa mezani barazani, na mkono wa Sista Yustina juu yake.

"Tuandike herufi za mwanzo," Sista akapendekeza. "L, T, M."

"Hiyo ni namba ya gari, Sista," Lomayani akasema. Kisha hakutania tena. "Mimi nina miezi ishirini mingine ya kuvaa hii kitu usoni. Pengine nitazikwa nayo. Niacheni niivue huko."

"Kaka, unadhani mimi naenda kuivua?" Teofrida akasema. "Shangazi ameshatenga sahani yangu na kikombe changu. Dirisha la chumba changu wamelipigilia mbao, wasivute hewa yangu. Mahali pekee ambapo watu wamekaa nami bila kunikwepa ni hapa na huko kwenye sayari. Kesho sitakuwa na hapa."

Bi Mwajabu alikuwa akiikunja na kuikunjua kanga yake. "Wanangu, mwenzenu nimeotesha misitu miwili. Kibao cha wa kwanza kina jina la marehemu mume wangu. Kibao cha pili kina jina la bwana shamba aliyekuja mara moja kupigwa picha. Wewe unaenda, wewe unabaki, mnajua. Mimi sijui hata kama ni mzima au mgonjwa. Nataka niwe na uhakika wa kitu kimoja kabla ya hizo wiki nane."

Dereva akapiga honi. Wote watatu wakamtazama muuguzi. "Sista, tuamulie," wakasema, "na hakuna atakayenung'unika."

Sista Yustina akaondoa mkono juu ya kompyuta, akaurudisha.

Mimi yangu yamekwisha. Mmoja alileta joto, mmoja akaleta uzito wa hewa, mmoja akaleta pumzi. Na siku tisa za gizani walizitoa sawa kwa sawa. Haya, semeni: ungekuwa wewe ndiye Sista Yustina, kompyuta ungeisogeza mbele ya nani?