Kifo cha Chewa Kibogoyo

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali zamani ya juzi, wageni walipokwisha kuanza kuzama pwani kwetu na mitungi ya hewa mgongoni, samaki mmoja aina ya chewa aliishi katika pango la Mwamba Ukuta. Alikuwa mkubwa kuliko mtu, mdomo mpana kama ungo. Ndoana ya mtu ilikuwa imemng'oa meno ya mbele, ndiyo maana tukamwita Kibogoyo.

Nawaambieni mapema, hadithi hii naisimulia kwa hasira. Anayetaka kucheka atoke.

Kibogoyo alikuwa na akili. Mshipi ukishuka, anautazama tu. Mtu akizama, anaingia pangoni. Babu zetu walimkosa, baba zetu walimkosa. Waliompata ni watu watatu tunaokula nao sinia moja!

Wa kwanza ni Pandu, aliyekuwa akiwaongoza wageni kuzama. Wageni walitaka kumwona Kibogoyo, na Kibogoyo hakutaka kuonwa. Basi Pandu akashuka na vipande vya ngisi. Akagonga mtungi wake kwa kisu, ko ko ko, akaacha ngisi mlangoni mwa pango. Kesho yake, ko ko ko, ngisi. Kesho kutwa, ko ko ko, ngisi. Mwisho samaki aliyewashinda wazee wetu akawa akisikia ko ko ko anatoka mbio, mdomo wazi, kama kuku aliyemwona mwenye pumba. Akawa analishwa mkononi. Wageni wakapiga picha, na sisi tukaona fahari. Fahari gani, enyi watu!

Wa pili ni Bi Mize, mkuu wa kamati ya mwamba. Wakati huo mwamba ulikuwa umefungwa ili pweza na samaki wazaane. Bendera nyekundu ilisimama, hakuna kuvua. Lakini mila yetu inasema mwenye shughuli nyumbani, harusi au hitima, anaweza kuomba samaki mmoja wa kitoweo. Ruhusa anaitoa Bi Mize.

Wa tatu ni Shaame, mvuvi wa mkuki. Alikuwa akimwoza binti yake, wakwe wamekwisha fika, na bahari ya nje imechafuka. Akaenda kwa Bi Mize.

"Shikamoo, Bi Mize. Nina shughuli, na chungu changu kitupu."

"Marahaba, mwanangu. Nenda kachukue mmoja. Usizidishe."

Basi. Shaame hakuuliza samaki gani, wala hakuambiwa samaki gani.

Shaame akavaa miwani, akazama kwa pumzi zake. Aliona visamaki vya kiganja tu. Akapanda, akashuka tena. Ndipo alipookota jiwe akagonga chuma cha mkuki wake. Ko ko ko. Kibogoyo akatoka mbio, mdomo wazi, akingoja ngisi. Akapewa mkuki.

Tukamla. Wali wa nazi na mchuzi wa chewa, tukaramba vidole, na hakuna aliyeuliza nyama hii yote imetoka wapi. Siku ya pili Pandu alizama na wageni, akagonga, akagonga mpaka mkono ukamchoka. Pango tupu. Aliporudi pwani alikiona kichwa cha Kibogoyo jaani, nzi wamekijaa. Akalia mbele za watu.

Baraza likaitwa. Sheria yetu ni kali: aliyeuharibu mwamba uliofungwa hutolewa baharini maisha yake yote. Havui, hazami, hakanyagi hata maji ya kupwa. Na kwa kosa moja hutolewa mtu mmoja.

"Atoke Shaame!" Pandu alipiga kelele. "Miye nilimlisha, yeye kamla! Kagonga mlio wangu, kamdanganya samaki kwa jina langu!"

"Nyamaza, Pandu!" Shaame akamjibu. "Silaha ya Kibogoyo ilikuwa woga wake, na wewe ndiye uliyempokonya. Miye niliomba, nikapewa, nikachukua mmoja. Nimevunja sheria ipi?"

"Mkono mtupu haulambwi," Pandu akasema. "Bila ngisi wangu, nani angekuja kuuona mwamba huu?"

Kisha wote wawili wakamgeukia Bi Mize. Bi Mize akafunga kanga yake kiunoni.

"Mnanitazama nini? Mila imesema samaki mmoja, nami nikasema samaki mmoja. Mtu ukimruhusu kuteka kisimani kwako, umwambie pia asiteme mate ndani?"

"Bi Mize, ulijua harusi ina watu wangapi," Shaame akasema. "Ulidhani nitawalisha tasi mmoja wa kiganja? Mle mwambani nani mwingine angewatosha?"

Wazee wakainamisha vichwa, maana mchuzi ule waliula wao kwanza. Waoga wakubwa! Wakaahirisha, na mpaka leo wanaahirisha.

Sasa nawauliza nyinyi, na msiniambie wote watatu, maana sheria inataka mmoja, na huyo mmoja ataishi pwani akiitazama bahari asiyoweza kuigusa. Aliyemfundisha kutuamini, aliyefungua mlango akafumba mdomo, au aliyechoma? Semeni! Je, nani alistahili kutolewa baharini?