Linki ya Mapambo ya Harusi

Wapendwa, leo sina mfano wa mpanzi wala wa mchungaji wa kondoo. Ninao mfano wa mwalimu na simu yake. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo asitokee mtu akageuka kumtazama jirani. Mwalimu huyo tumwite Atuganile.

Alikuwa akifundisha darasa la nne, mahali pa baridi na mvua kama hapa kwetu. Mumewe yuko mbali, mgodini, anarudi mara mbili kwa mwaka. Mdogo wake wa kike alikuwa anaolewa, na kwa kuwa wazazi wao walishatangulia, yeye Atuganile ndiye aliyesimama kama mama wa bibi harusi.

Jumamosi moja asubuhi yuko bafuni anaoga. Mkono unapita na sabuni, mara vidole vikagusa kitu. Kigumu, kama punje ya hindi, pembeni mwa titi la kushoto. Akagusa tena. Kipo. Akajaribu upande wa pili, maana alijiambia labda kipo pande zote, labda ndivyo alivyoumbwa. Upande wa pili hakuna kitu.

Akina mama, nani kati yenu hajui moyo unavyoruka namna hiyo? Na mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa wa titi. Atuganile aliyaona kwa macho yake: majirani walivyoacha kunywa chai pale nyumbani, walivyonong'ona kwamba ule ni ugonjwa wa ukoo, kwamba watoto wa kike wa nyumba ile si wa kuoa.

Akajifunga khanga, akakaa kitandani, akachukua simu. Kwenye mtambo wa kutafutia akaandika: uvimbe kwenye titi usiouma. Akasoma mistari miwili. Wa tatu ukamshinda. Hapohapo simu ikalia, ujumbe kutoka grupu la kamati ya harusi: "Mwalimu, zile picha za mapambo ulizotuahidi vipi?" Akafuta yale maneno upesi, akaandika mengine: mapambo ya harusi samawati. Picha zikaja, nzuri kwelikweli. Akanakili anwani ya ukurasa, akaituma kwenye grupu. Watu arobaini na watatu, nusu yao upande wa bwana harusi. Kisha akaenda kufua nguo. Hakumwambia mtu.

Wiki mbili zikapita. Walimu wakaitwa semina ya kompyuta. Mkufunzi akaangaza ukutani anwani ndefu ya mtandaoni, ndefu kama treni ya mizigo, akasema, "Hii mnaiogopa bure. Mpaka kwenye alama ya kuuliza, ni jina la mahali unapokwenda. Baada ya alama ya kuuliza, ni maagizo unayoupa mtambo. Kila agizo lina jina lake, halafu alama ya sawasawa, halafu jambo lenyewe. Hii q ni maneno unayoyatafuta. Hii hl ni lugha: andika sw, mtambo unakusemesha Kiswahili. Badilisheni hapohapo juu, muone."

Walimu wakabadilisha, wakaona, wakafurahi kama watoto. Mmoja akanyoosha mkono. "Na hii pq?"

"Hapo muwe macho," mkufunzi akajibu. "Mitambo mingine huweka hapo kile ulichokitafuta kabla ya hiki. Ukituma linki nzimanzima, unakituma na hicho. Kwa hiyo kateni. Bakisheni q na maneno yake, yanayofuata futeni yote. Ukurasa utafunguka vilevile."

Darasa zima likacheka. Mwalimu mmoja wa kiume akasema mwaka huu ataachika.

Atuganile hakucheka. Chini ya meza alikuwa amefungua lile grupu, anapandisha, anapandisha, mpaka akaifikia linki yake. Baada ya samawati kulikuwa na herufi mbili, pq, na baada ya alama ya sawasawa, maneno manne yaliyounganishwa kwa alama za kujumlisha: uvimbe+kwenye+titi+usiouma. Mtoto yeyote wa darasa lake angeyasoma. Akabonyeza kufuta. Simu ikamjibu kwamba anaweza kujifutia yeye tu. Muda wa kuwafutia wote umepita. Akaomba ruhusa, akatoka, akasimama nyuma ya jengo ameegemea ukuta, na mvua inamnyeshea, asijue inanyesha.

Tangu siku hiyo akaishi roho mkononi. Akimwamkia shangazi wa bwana harusi sokoni na shangazi akachelewa kuitikia, Atuganile anasema moyoni: amesoma. Akiingia kwenye kikao cha kamati na maongezi yakakatika, anasema: walikuwa wananisema mimi. Siku moja mtu akamvutia kiti, "Kaa hapa mwalimu, usichoke." Usichoke! Neno hilo likamnyima raha wiki nzima. Kwa nini achoke? Nani kawaambia kwamba anachoka?

Hospitali je? Hakwenda. Karani wa dirisha la kuandikisha wagonjwa ni binamu wa bwana harusi, naye yumo kwenye grupu. Atuganile akajiambia, harusi ipite kwanza. Kila asubuhi anagusa kwa vidole viwili, anaondoa mkono haraka kama aliyeungua. Punje ya hindi ilikuwa imeshakuwa harage.

Ndipo mwenyekiti wa kamati, Mama Lusekelo, akampigia simu mchana, sauti kavu. "Mwalimu, nakuja kwako. Kuna jambo, si la kuongea kwenye simu."

Mnaona alivyoingoja ile saa? Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Mama Lusekelo akaingia, akakataa chai, akasema, "Nimekuja kwa ajili ya ile linki yako."

Atuganile akashika ukingo wa meza. "Mama, nisamehe. Nilitaka niseme baada ya harusi. Nakuomba wasimwache mdogo wangu kwa sababu yangu mimi."

Mama Lusekelo akamkodolea macho. "Wamwache kwa lipi? Nimekuja kukuambia upande wa bwana harusi wameikataa samawati. Wanataka zambarau, nami nikaona kukuambia mbele ya watu ni kukuaibisha."

"Kwani hamkuisoma?"

"Tumeifungua wote, mbona! Mimi nimeifungua mara nne. Sasa anwani yenyewe nani anaisoma, mwanangu? Si tunabonyeza tu."

Wapendwa, mngedhani atashukuru. Siri yake ilikuwa salama! Lakini mwanamke yule akakaa chini sakafuni. Hofu moja ilimtoka na nyingine ikaingia palepale, yenye meno kuliko ya kwanza. Watu arobaini na watatu wanayo siri yake mkononi, na hayupo hata mmoja anayejua. Angeweza kufa hivyohivyo katikati ya watu wake, huku wakibishana juu ya rangi ya vitambaa.

Akaomba simu ya Mama Lusekelo, akaweka kidole chini ya yale maneno. "Soma hapa, mama."

Yule mama akasoma polepole, neno kwa neno. Akarudia. "Tangu lini?"

"Tangu siku ileile niliyoituma."

"Na mimi nikakujibu kwa kale kapicha ka kidole gumba tu," akasema Mama Lusekelo. Kisha akainuka. "Vaa viatu. Twende sasa hivi."

Dirishani palepale pa binamu wa bwana harusi, Mama Lusekelo ndiye aliyetaja jina la mgonjwa, wala hakunong'ona. Haikuwa habari njema. Ilikuwa saratani, na daktari hakuficha kwamba wiki zile zilizopotea zilikuwa na uzito. Titi likaondolewa. Na msidhani yale aliyoyaogopa hayakutokea: wapo waliosema ugonjwa wa ukoo, na shangazi mmoja hakuja harusini. Harusi ikafungwa bila huyo shangazi. Atuganile yu hai, anaendelea na dawa, anafundisha darasa la nne siku anazoweza.

Sasa sisi. Mwanamke huyu aliogopa kwamba tunajua, na kumbe hatukujua, kwa sababu hatukuangalia. Ni wangapi humu ndani wametuletea maumivu yao mkononi, tukachukua tulichokihitaji tukaendelea na safari? Uliyemwomba sare za kwaya, ulimuuliza hali yake? Mama anayepika kila sherehe ya usharika huu, nani anajua kwake kukoje? Tunaogopana, ndugu zangu. Tunaogopa midomo yetu wenyewe kuliko tunavyoogopa kaburi, na hilo si jambo la kujivunia mbele za Mungu.

Na wewe uliyegusa kitu ukanyamaza. Ninasema na wewe, hata kama sikujui. Kesho saa mbili asubuhi zahanati yetu itakuwa wazi, na nesi nimekwisha kuzungumza naye. Lakini usiende peke yako. Kwa hiyo leo sitaimbisha wimbo baada ya mahubiri. Nitakaa kimya dakika tatu. Ndani ya dakika hizo, mgeukie mtu mmoja unayemwamini humu ndani, umwambie.

Nakaa. Semeni.