Aliyemrudisha Ipyana

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, ambayo watoto wake leo ni watu wazima wenye watoto wao, shule ya msingi ya Idunde ilikuwa inafunga muhula. Idunde ni kijiji cha juu milimani, nchi ya migomba, chai na ng'ombe wa maziwa. Mwezi wa sita huko baridi inauma masikio, na ukungu ukishuka, mtu na nduguye wanapishana njiani bila kuonana. Sikilizeni vizuri, maana nikimaliza nitawauliza, na sitampokea atakayenijibu "sijui."

Siku ile wazazi walijaa uwanjani, kwa sababu habari za shule zilikuwa nyingi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Lugano, alisimama mbele ya ofisi akazitangaza. Darasa jipya litaezekwa wakati wa likizo, kila kaya itoe mtu wa kusaidia. Darasa la saba wasikimbilie nyumbani, watabaki kujiandaa na mtihani wa mwisho. Matokeo ya muhula yatasomwa baada ya nyimbo. Na kubwa kuliko yote: muhula ujao yako mashindano ya kwaya mkoani. Mgeni kutoka wilayani amekuja kuisikiliza kwaya ya Idunde. Akiridhika, watoto watakwenda. Asiporidhika, nafasi itapewa shule nyingine.

Kwaya ile ilikuwa haijawahi kuimba nje ya kata. Watoto walikuwa wamefanya mazoezi mpaka sauti zikakauka. Kuna waliokuwa hawajaona mji hata mara moja, na usiku waliota taa za barabarani.

Kiongozi wa kwaya alikuwa Subilaga, msichana wa darasa la sita. Mbele yake, mstari wa kwanza, husimama watoto wa darasa la kwanza, na mdogo kuliko wote alikuwa Ipyana. Mtoto huyo alilelewa na bibi yake, Bibi Tupokigwe, kwa kuwa mama yake alifanya kazi mjini. Mama alikuwa ameahidi kuja siku ya kufunga shule. Tangu asubuhi Ipyana alimwambia kila aliyekutana naye: mama anakuja, mama anakuja leo.

Wakati matangazo yakiendelea, watoto wadogo walikabidhiwa kwa Tuntufye, kiranja wa darasa la saba. Kazi yake ilikuwa moja, awakusanye nyuma ya jengo la ofisi mpaka waitwe kuimba. Lakini Tuntufye alikuwa na hofu yake mwenyewe. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba akishuka tena katika matokeo, shule basi, atakwenda kuchuma chai kama dada zake. Kwa hiyo masikio yake yote yalikuwa kwenye dirisha la ofisi, ambako walimu walikuwa wakitajiana majina ya walioshinda.

Ipyana akamvuta sketi. Akamuuliza, "Dada, mama akija anapita njia gani?"

Tuntufye hakugeuka. Alinyoosha kidole tu, akasema, "Njia ya darajani."

Ni hayo tu. Baadaye watoto wakaitwa, wakakimbilia uwanjani kwa fujo, na Tuntufye hakuwahesabu.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Ulifunika kilima, ukafunika mashamba ya chai, ukaja mpaka ukingoni mwa uwanja. Kwaya ikajipanga, Subilaga akaanzisha wimbo. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri, na yule mgeni akawa anatikisa kichwa taratibu kufuata mapigo. Wazazi wakatazamana kwa matumaini. Katika ubeti wa pili, Subilaga alitupa macho mstari wa mbele akaona pengo. Akatazama tena. Akanyamaza.

Wimbo ukayumba, ukakatika. Mwalimu wa kwaya akamfanyia ishara aendelee. Subilaga akasema, "Mwalimu, Ipyana hayupo."

Mwalimu akamnong'oneza kwamba mtoto amekwenda chooni, yeye aimbe. Subilaga akajibu kwamba Ipyana haendi chooni peke yake, anaogopa, kila siku humwomba yeye ampeleke. Mwalimu akarudia, safari hii kwa ukali. Subilaga hakuanza wimbo tena.

"Siimbi mpaka aonekane," akasema.

Wakatazama chooni, hayupo. Wakatazama madarasani, hayupo. Wakatazama jikoni, hayupo. Mgeni alisubiri kidogo, kisha akamwambia Mwalimu Lugano kwa upole kwamba barabara itafungwa na ukungu, hana budi kuteremka, na shule nyingine zinamsubiri. Akaondoka. Watoto wa kwaya wakaanza kulia, na mmoja akamsukuma Subilaga akamwambia kwamba ameua safari yao kwa ajili ya mtoto aliyekwenda kucheza.

Hapo Bibi Tupokigwe akatoka katikati ya wazazi. Kanga yake ilikuwa imemdondoka begani, wala hakuiokota. Mali yake duniani ilikuwa ng'ombe mmoja, mtamba mwenye mimba, anayetarajiwa kuzaa kabla ya mvua. Akasema watu wote wakisikia, "Atakayenirudishia mjukuu wangu, mtamba wangu ni wake."

Watu wakagawana njia. Wako waliokwenda mashamba ya chai, wako waliokwenda chemchemi, wako waliokwenda nyumbani kwa bibi. Njia ya darajani hakwenda mtu, kwa sababu ni mbali na ina mteremko mkali, nani angedhani mtoto mdogo ameishika peke yake?

Tuntufye alijua. Alisimama pale pale akijua. Alitaka kusema, lakini baba yake alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na ulimi ukawa mzito. Aliwatazama watu wakienda huku na huku, kote asikokuwa mtoto, mpaka ukungu ukawameza. Kisha akajitenga kimyakimya, akaishika njia ya darajani peke yake.

Mtoto wa tatu wa kisa hiki ni Gwakisa, mvulana wa darasa la tano. Baba yake alimwita waende pamoja mashamba ya chai. Gwakisa akakataa. Alisema watu wote wanaingia kwenye ukungu wakipiga kelele, kila mmoja upande wake, nani atajua shule iko wapi wakati wa kurudi? Akasema yeye atabaki kwenye kengele. Kengele ya shule ilikuwa rimu kuukuu ya lori, imening'inizwa kwenye pembe ya ofisi, inagongwa kwa nondo. Baba yake akamtazama kwa dharau mbele ya wanaume wenzake.

"Wenzako wanatafuta mtoto, wewe unatafuta pa kujificha," akamwambia, akaenda zake.

Gwakisa akashika nondo akaanza kugonga. Aligonga bila kupumzika. Ukungu ulipofika mlangoni mwa ofisi, aligonga. Kina mama waliobaki walipoziba masikio na kumwomba apumzike kidogo, aligonga. Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, nondo ikaanza kuteleza kwa damu. Akavua shati, akaifunga nalo, akaendelea kugonga.

Katikati ya kelele hizo mama yake Ipyana alifika. Hakupita darajani, gari lilimshusha barabara ya juu kwa sababu ya ukungu. Alikuja na kikapu chenye viatu vipya vya mtoto. Alipoambiwa, hakulia wala hakuuliza. Aliketi kwenye kizingiti cha darasa la kwanza, kikapu magotini, akawa anatazama mbele, na mbele hapakuwa na kitu ila weupe.

Sasa turudi kwa Tuntufye. Alifika darajani akaita, hakujibiwa. Akainama akachungulia chini, akaona kitu cha bluu kati ya majani, ikawa ni sweta ya shule. Mtoto alikuwa ameteleza kwenye ukingo, amenasa katika mizizi, miguu imo majini. Alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lililomwogopesha Tuntufye kuliko yote. Alishuka kwa makalio, akamnasua, akamvua nguo zilizolowa, akamvika sweta yake mwenyewe, akambeba mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu.

Kupanda akapanda, lakini njia haikuonekana tena. Alisikia sauti za watu kwa mbali, zikigonga bonde na kurudi, moja kulia, moja kushoto, moja nyuma. Akaifuata moja, na mguu wake ukakanyaga hewa. Aliangukia magoti, akashika majani, akabaki hapo akihema, mtoto mgongoni hatikisiki. Akajua kwamba akikosea tena watakufa wote wawili.

Ndipo akaisikia rimu. Sauti za watu zilihamahama, ile haikuhama. Kila alipougeuza uso ilikuwa mahali pale pale. Akaifuata hatua kwa hatua, akipapasa kwa mguu, mpaka akajigonga kwenye ukuta wa ofisi.

Mtoto akachukuliwa jikoni, akakandwa, akapewa maziwa ya moto kwa kijiko. Muda ukapita. Mwishowe akafumbua macho, akamwona mama, akasema, "Nilikuja kukupokea."

Hapo mama yake akalia.

Jambo lingeishia hapo lingekuwa jema. Lakini ahadi ilikuwa imetolewa mbele ya watu, na bibi hakuwa mtu wa kumeza maneno yake. Kesho yake wazazi wakakutana tena, maana hata matokeo yalikuwa hayajasomwa. Bibi Tupokigwe akaja na mtamba wake kwa kamba, akauliza amkabidhi nani.

Baba yake Gwakisa akasimama kwanza, uso chini. Alisema kwamba jana alimwita mwanawe mwoga, na neno hilo limemkosesha usingizi. Akavishika viganja vya kijana vilivyofungwa vitambaa, akavionyesha. Akasema aliyembeba mtoto mgongoni alikuwa amepotea naye, na aliyepotea hamrudishi mtu. Aliyewarudisha wote wawili ni Gwakisa.

Subilaga akapiga goti mbele ya wazee, akaomba ruhusa ya kusema. Akasema, "Shikamooni wazee. Wengine walimtafuta Ipyana kwa sababu waliambiwa amepotea. Mimi sikuambiwa. Ningeendelea kuimba, mngepiga makofi, mngesikiliza matokeo, na mngejua jioni." Akaongeza kwamba wenzake wa kwaya hawasemi naye tena. Waliomtafuta mtoto hawakupoteza kitu, yeye amepoteza safari, na ameipoteza pamoja na ya wenzake.

Watu wote wakamgeukia Tuntufye. Wengi walikuwa wamekwisha kuamua kwamba mtamba ni wake, kwa sababu ndiye aliyeshuka korongoni, ndiye aliyembeba. Baba yake alikuwa anatabasamu. Tuntufye angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Ipyana mwenyewe alikuwa hajaulizwa kitu.

Akasema, "Ni mimi niliyemwonyesha njia ya darajani. Sikumtazama hata usoni. Na mlipogawana njia, nilijua, nikanyamaza kwa kuogopa."

Tabasamu la baba yake likafutika. Mama yake Ipyana akainuka. Akamwambia Bibi Tupokigwe, "Mama, utamlipaje mtu kwa kukurudishia kitu alichokupotezea mwenyewe? Angesema mapema, mwanangu asingekaa majini mpaka akaacha kulia."

Bibi akamjibu, "Mwanangu, mimi sikusema nitampa asiye na kosa. Nilisema atakayenirudishia. Na huyu, kama asingejua njia, nani angekwenda?"

Mwalimu Lugano alijaribu kutuliza. Akashauri mtamba auzwe, watoto wagawane. Bibi akakataa, akasema mtamba wa ahadi hapelekwi mnadani. Mwingine akashauri apewe mmoja, ndama wapewe wengine. Bibi akakataa hilo pia, akasema ahadi yake ilikuwa moja na mtu wake ni mmoja, wamtaje, asije akafa na deni la maneno.

Wakabishana mpaka jua likapanda. Wengine walimtetea aliyeona, wengine aliyekwenda, wengine aliyegonga. Mwishowe Mwalimu Lugano akaongeza tangazo moja kwenye matangazo ya muhula: shule ikifunguliwa, kabla ya gwaride, kabla ya masomo, wazazi wote waje na jibu. Likizo ile haikuwa na raha. Majirani walinuniana. Tuntufye, akitoka masomo ya darasa la saba, alijifungia ndani. Gwakisa alishindwa kushika jembe. Subilaga hakusikika akiimba, hata kanisani.

Na siku ya kufungua shule imefika. Mtamba amefungwa mbele ya ofisi, anacheua. Watoto watatu wamesimama, wanatazama chini. Bibi ameshika kamba, anasubiri aambiwe. Nanyi mlioketi hapa ndio wazazi wa Idunde.

Haya, semeni. Subilaga aliona, akanyamazisha wimbo wake. Tuntufye alimpoteza, akaficha, akamfuata, akasema kweli. Gwakisa hakwenda popote, na wote wakarudi kwake. Je, ni nani aliyemrudisha Ipyana, na kamba ile atiwe nani mkononi?