Chelezo Mgongoni

Huko Uchina, wapenzi wangu, uko mto wanaouita Mto Manjano. Unashuka toka milima ya mbali, unapita kwenye vilima vya udongo mtupu, unauzoa ule udongo mpaka maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Ndio unaorutubisha mashamba ya bondeni, na ukikasirika unayafunika. Hata hivyo wenyewe huuita mama.

Basi kando yake aliishi kijana mmoja mvushaji, yeye na mama yake mzee. Chombo chake kilikuwa chelezo: ngozi za kondoo zilizojazwa pumzi, zimefungwa chini ya fito. Chelezo hushuka na maji, kupanda hakiwezi. Ukifika huko chini unakitia mgongoni, unarudi nacho kwa miguu.

Siku moja alimshusha mama yake kwenda kumzika dada wa mama huyo. Mazishi yalipokwisha, miguu ya mama ikagoma.

"Kaa hapa hapa kwa marehemu, mama. Majirani watakuangalia. Nitakuja kukuchukua."

"Lini, baba?"

"Maji yakipungua."

"Na chelezo, hukiachi nikae nacho?"

"Mama nawe! Kimenibeba mpaka hapa, leo nikitupe?"

Mama akamsogelea. Aliona kamba inamkata bega. Akavua kitambaa alichojitanda, akakikunja, akakisokomeza chini ya kamba. "Haya, nenda. Jua lisikuzamie njiani."

Kijana akashika njia na wavushaji wenzake. Kwenye mwinuko wa kwanza jasho likalowesha kile kitambaa, harufu ikampanda: moshi wa jikoni, mafuta ya kondoo. Akakijua. Ilikuwa mbeleko yake. Ndiyo aliyofungiwa mgongoni mwa mama huyo huyo, kabla hajajua kutembea.

Akatua chelezo.

"We, umesahau nini?" wenzake wakamwuliza.

"Nimebeba sicho."

"Kitaibiwa hicho!"

"Kiibiwe."

Akarudi mbio, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamfunga kwa mbeleko ile ile.

"Nishushe, mwanangu, mimi mzito."

"Kwani mimi nilikuwa mwepesi?"

Na sisi je, wapenzi? Pikipiki tunaipangusa kila asubuhi kwa sababu inatufikisha kazini. Simu ikipasuka kioo, usingizi hauji. Na yule aliyetubeba kabla hatujajua kusema "nibebe", tumemwacha nyumba ya nani? Tunamwambia maji yakipungua. Yatapungua lini, na yeye ndiye anayepungua?

Leo ukitoka hapa, usipitie kwingine. Nenda kachuchumae, apande.