Neno Moja Ubaoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chini ya kilima. Juu kilimani palikuwa na chemchemi, na maji yake yaliteremka kwa mfereji mpaka kijijini. Na pale kilima kinapoanzia ulisimama ubao wa mninga, umechongwa maneno haya: "Asipande mtu kilimani. Atakayepanda, ahame."

Aliyeuchonga na wenzake walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki wakausoma, wakaogopa. Watoto walikatazwa hata kukinyooshea kidole kilima. Miaka ikapita, asipande mtu.

Mwaka mmoja maji yakapungua. Mfereji uliokuwa ukisema shwaa, ukasema chiriri. Kisha ukasema to. To. To. Wanawake walijipanga na mitungi tangu alfajiri, na mtungi mmoja ulijaa adhuhuri.

Sasa, palikuwa na mama mmoja, Mwanamize, mwenye mtoto mchanga wa miezi miwili. Maziwa yalimkauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa haitoki. Mwanamize akashindwa kuvumilia. Akamfunga mtoto mgongoni, akaanza kupanda kilima aone maji yamezuiwa na nini. Hajafika nusu, wakamkamata, wakamleta barazani kwa Jumbe Shomari, mkuu wa kijiji.

"Unajua kusoma?" Jumbe akamuuliza.

"Najua, Jumbe."

"Ubao unasemaje?"

"Asipande mtu."

"Nawe ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa napanda. Mtoto ana kiu, Jumbe."

"Basi jua likizama, usiwe hapa."

Jumbe hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Alikuwa mwoga tu. Aliuogopa ule ubao kuliko simba. Lakini nje ya kijiji ilikuwa nyika tupu, mwendo wa siku mbili hakuna nyumba wala kisima. Kila mtu alijua maana ya kumtoa mama na mtoto kwenda kule. Nani aseme? To. To. To. Jua likashuka.

Ndipo akasimama Bi Somoe, msuka mikeka, bibi asiyependa maneno mengi. Akaweka ukili wake chini.

"Jumbe, walioandika walitaka nini?"

"Walitaka tusipande."

"Kupanda kupi? Kwa miguu au kwa jembe?"

Jumbe akatikisa kichwa.

"Panda ni panda, Bi Somoe. Sisi tunafuata lililoandikwa."

"Nami nafuata hilo hilo. Neno ni moja, mambo ni mawili. Utachaguaje, kama huulizi aliyeandika alikuwa akiogopa nini?"

"Aliyeandika amekufa."

"Amekufa, ndiyo. Alikuwa baba yangu."

Jua likashuka. Bi Somoe akaendelea. "Baba alipanda miwa kule juu, penye jicho la maji. Miwa ikanywa, mfereji ukakauka, watoto wakafa. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Baba akaing'oa kwa mikono yake, kisha akachonga ubao, mimi nikimshikia. Na kila kiangazi baada ya hapo alikwenda juu na wenzake kusafisha chemchemi. Hakuna aliyehamishwa. Nimenyamaza miaka yote kwa aibu, nikiogopa mzee wangu ataitwa muuaji."

"Ushahidi uko wapi?"

"Uko juu. Nendeni mkaone matuta yake."

Watu wakatazamana. Kwenda kuona ni kupanda, na atakayepanda ahame. Hakuondoka hata mmoja. Jua likashuka.

"Basi nakwenda mimi," akasema Bi Somoe. "Nikikosa, nitahama na Mwanamize."

Akapanda. Fimbo ko, ko. Magoti kwe, kwe. Akapotea machakani. Watu wakangoja. Jua likagusa ukingo wa nyika. Mwanamize akamkaza mtoto mgongoni, akainua kifurushi chake, akageukia njia.

Bi Somoe akatokea. Anaburuta muwa mnene, na mizizi yake inachuruzika maji. Akautupa miguuni pa Jumbe.

"Kipande kimoja kilimponyoka baba. Sasa ni shamba zima, limekalia jicho la maji. Ubao uliowekwa kuizuia miwa, nyinyi mmeufanya mlinzi wa miwa."

Jumbe akaigusa mizizi ya muwa, ikamlowesha vidole. Kisha akavua kanzu, akachukua jembe, akapanda wa kwanza. Kijiji kizima kikamfuata, wakaing'oa miwa yote, na mfereji ukasema shwaa tena. Siku ya tatu Mwanamize alikunywa akashiba, na mtoto akanyonya mpaka akasinzia.

Jumbe akaagiza ubao mpya, uandikwe asipande mtu miwa. Bi Somoe akasema, "Hata huo utasomwa vibaya siku moja. Andika na sababu yake. Na jina la baba yangu usilifiche."

Likaandikwa. Mpaka leo Bi Somoe anatajwa kwa hilo.

Basi, mkiachiwa maandishi na waliotangulia, msiishie kwenye neno. Ulizeni mwandishi alikuwa akimlinda nani. Ngano yangu imekomea hapo. Aliyeisikia naye akaisimulie.