Sange Apiga Hodi Mlango wa Mbele

Hapo zamani za kale, viboko walipokuwa bado wakijenga nyumba na kuweka viti barazani, aliishi Sange. Mnamjua Sange? Hamumjui, nyuso zenu zinaniambia. Ni mnyama mdogo, unaweza kumficha ndani ya kiatu cha mtu mzima. Ana miguu myembamba ya mbio, na pua ndefu isiyotulia hata akiwa amelala. Sikilizeni basi. Na wewe Makame, teremka hapo juu ya kinu.

Sange alikuwa mfagiaji wa nyumba ya Mzee Kiboko. Mzee huyu alikuwa mkubwa wa mwili lakini laini wa nyayo. Akikanyaga jani kavu analia kama kakanyaga kaa la moto. Kwa hiyo njia yake, kutoka mlangoni hadi mtoni, ilitakiwa iwe safi kama sahani. Sange akiamka tu anafagia, chwa, chwa, chwa! Akifika mtoni anageuka, anakuta upepo umeshaangusha majani mengine. Anaanza upya, chwa, chwa, chwa!

Chakula alipata, na mahali pa kulala alipata, kando ya ghala. Hakupigwa. Nasema mapema msije mkadhani alikuwa anaonewa kwa fimbo. Shida yake ilikuwa nyingine: hakutulia. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo ya mto ulimletea harufu asiyoijua, na pua ikaanza kwenda huku na huku, huku na huku, mpaka ufagio unamponyoka.

"Hivi mimi nikitolewa kwenye njia hii, ni nani?" alijiuliza. "Naweza nini kingine?"

Jibu hakuwa nalo, na jambo hilo lilimnyima raha.

Siku moja akamuuliza bwana wake, "Mzee, ng'ambo kuna nini?"

Mzee Kiboko alikuwa anapiga miayo. Akaufunga mdomo, gwap!

"Ng'ambo kuna zimwi. Lina jicho moja tu, nalo liko kisogoni."

"Nani aliliona?"

"Wote waliovuka waliliona."

"Walirudi?"

"Thubutu! Hakurudi hata mmoja."

"Sasa nani alikuja kuwaambia kwamba jicho liko kisogoni?"

Mzee Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Masikio yakamcheza, pe, pe, pe.

"Una maneno mengi wewe," akasema. "Mtu wa nyumba hii havuki mto. Babu yangu alisema, baba yangu akasema, na mimi nasema. Kafagie!"

Sange akaenda kufagia, lakini moyoni alichemka. Mto ulikuwa mpana na kuogelea hakujua. Aliyeweza kumvusha ni mmoja tu, naye ni huyo huyo aliyemkataza. Mngefanyaje ninyi? Eti Tatu anasema angelia. Haya, Sange naye alilia kidogo, kisha akachoka kulia.

Sasa, Mzee Kiboko alikuwa na ugonjwa wa kupenda sifa, hasa sifa za ukarimu. Akikaa barazani na rafiki zake Nyati na Kifaru, hujipiga kifua, pu! pu!

"Bonde zima hili, nani anajua kumpokea mgeni kama mimi? Mgeni wangu hali nusu shibe! Na akiaga simwachi aende peke yake, namsindikiza mpaka anakokwenda. Hata akisema anavuka mto, mgongo wangu huu hapa!"

"Kweli kabisa," alijibu Nyati, huku anatafuna.

Kusema vile kulikuwa rahisi, maana hakuwahi kutokea mgeni hata mmoja aliyetaka kuvuka. Lakini Sange alikuwa chini ya baraza anafagia. Ufagio ukasimama.

"Mtu wa nyumba hii havuki," akanong'ona. "Je, mgeni?"

Tangu hapo hakukalika. Akifagia anasema peke yake, akila anasahau kutafuna. Bi Kiboko alikuwa amejifungua, na ilipofika siku ya kumtoa mtoto nje, bonde zima likaalikwa. Asubuhi hiyo Sange akafagia njia yote vizuri sana, akausimamisha ufagio ukutani, akaingia jikoni.

"Mama," akamwambia Bi Kiboko, "leo mimi naacha kazi. Nimekuja kuaga, naomba radhi."

Bi Kiboko alikuwa na moshi machoni na mtoto mgongoni. "Radhi unayo, mwanangu. Nenda salama, nipishe nigeuze sufuria."

Sange akaoga. Akafunga furushi lake, akavaa kofia ya ganda la karanga, akazunguka nyumba mpaka mlango wa mbele. Mlango ule hakuwahi kuupita hata mara moja. Wafanyakazi walipita uani. Akapiga moyo konde.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ndani, Mzee Kiboko alikuwa ameupa mlango mgongo, anapakua pilau. Mbele ya wageni wote akaitikia kwa sauti ya kutikisa paa:

"Karibu! Karibu ndani, mgeni, nyumba ni yako hii!"

Kisha akageuka. Akatazama juu, hakuona mtu. Akatazama chini.

"Aka! Ni wewe? Unafanya nini mlango wa mbele? Hebu toka, njia imeshajaa majani."

"Shikamoo, Mzee," akasema Sange. "Nimepiga hodi, nimeambiwa karibu."

"Nilidhani ni mgeni!"

"Ndiye mimi. Kazi nimeacha leo asubuhi, na Mama nimemuaga. Mikononi sina ufagio, nina furushi. Mtu aliyesimama mlangoni na furushi lake, akapiga hodi, akakaribishwa, tumwite nani?"

Kifaru, ambaye haoni vizuri lakini anasikia mpaka sisimizi akikohoa, akainua pembe yake.

"Ile karibu mimi nimeisikia."

"Hata mimi," akasema Nyati, mdomo umejaa. "Na ile ya nyumba ni yako."

"Aliniaga!" Bi Kiboko akapaza sauti kutoka jikoni.

Mzee Kiboko akawatazama wageni wake mmoja mmoja. Amfukuze mgeni mbele ya bonde zima? Sifa zake zote zingekwisha mchana ule ule.

"Karibu kiti," akasema, kwa sauti ndogo sana kwa mtu mwenye mdomo ule.

Lakini msimdhanie mjinga. Alijiambia, wageni wengine wakishaondoka, atabaki nani wa kushuhudia? Huyu atarudi kushika ufagio wake. Basi akaanza kumchelewesha.

"Kula, mgeni! Ongeza! Mleteeni kashata! Mleteeni takia aegemee!"

Oo, takia lile! Lilikuwa la sufi, na Sange maisha yake yote alilala juu ya gunia. Alipoegemea akazama mpaka masikioni. Mwili ukalegea, macho yakawa mazito. Akaanza kujiambia, mbona hapa si pabaya? Kwenda kote huko kwa nini? Sitawaficha, wajukuu zangu, Sange alikaribia kushindwa pale pale, na si kwa meno ya Kiboko wala nguvu zake, ila kwa takia.

Wageni nao wakaanza kutazama jua. Nyati akafuta mdomo. Kifaru akapapasa fimbo yake. Mzee Kiboko akatabasamu, na meno yake yote yakaonekana.

Upepo ukapita dirishani, fyuu. Pua ya Sange ikashtuka kabla ya Sange mwenyewe. Huku na huku, huku na huku! Takia likamchoma kama limejaa upupu. Akaruka, akasimama.

"Mzee, nimeshiba, nashukuru. Naomba ruhusa niende."

"Kaa kidogo! Bado mapema!"

"Safari ni ndefu, Mzee."

"Kuna halua inakuja!"

"Itanikuta siku nyingine."

"Kwani unakwenda wapi wewe?"

"Ng'ambo."

Vijiko vikaanguka, kling, kling, kling!

"Ng'ambo?" akauliza Nyati. "Kwenye zimwi?"

"Huko huko. Na nasikia nyumba hii humsindikiza mgeni mpaka anakokwenda."

Kifaru alikuwa ameshasimama kwa furaha.

"Ulisema, Kiboko! Mgongo wangu huu hapa, ulisema! Twendeni jamani, tukaone mgeni anavyovushwa!"

Bonde zima likateremka mtoni kwa vigelegele. Mzee Kiboko akaingia majini, tumbwi! Sange akakaa juu ya mgongo wake na furushi lake, na maji yakaanza kupita huku na huku. Watu ukingoni wakapungua, wakapungua, mpaka sauti zao hazikusikika vizuri. Hapo katikati Mzee Kiboko akasimama.

"Umenichezea, kipanya we."

"Nimekuchezea, Mzee. Unisamehe."

"Sikiliza, mwanangu." Sauti yake ikawa laini. "Turudi. Nitawaambia ulishikwa na kizunguzungu. Hutafagia tena, nitatafuta mwingine, wewe utamsimamia. Takia lile ni lako. Chumba cha mbele ni chako. Huko una nini? Huna njia, huna ndugu, huna hata jani moja unalolijua."

Sange akatazama nyuma. Njia yake ilionekana yote, nyeupe, imenyooka mpaka mlangoni. Akatazama mbele. Magugu, miiba, na giza chini ya miti. Akaogopa, na aliogopa hasa. Neno "turudi" likafika mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Mzee," akasema polepole, "takia lako ni zuri sana. Nimeliegemea kidogo tu, nikasahau ninakokwenda. Nikiliegemea mwaka mzima nitasahau hata kwamba nilitaka kwenda. Hilo linanitisha kuliko zimwi."

"Basi mimi nazama," akasema Kiboko kwa hasira. "Kukusindikiza nimekusindikiza!"

Bubububu! Mgongo ukazama. Sange akakimbilia shingoni. Shingo ikazama. Akakimbilia kichwani, akapita katikati ya macho, akasimama kwenye ncha ya pua ya Kiboko, maji yakimlamba vidole. Mbele yake kulikuwa na majani ya yungiyungi yanayoelea, yanayumba, hayana shina la kushika. Tangu azaliwe hakuwahi kukanyaga kitu kinachoyumba.

"Mimi sijui kuruka!" akapiga kelele, na alipomaliza kusema alikuwa yuko hewani.

Tyii! Jani likadidimia. Tyii! La pili likainama. La tatu lilikuwa limeoza. Chubwi!

Sange akaenda chini. Furushi likaenda lake na kofia ikaenda yake. Akanywa maji, akaibuka, akanywa tena. Ile pua iliyomsumbua siku zote ikabaki juu ya maji inavuta hewa, fwii, fwii, na miguu, kwa kuwa haikujua kitu kingine, ikakimbia. Akakimbia ndani ya maji. Kumbe ndiko kuogelea! Akakimbia mpaka kucha zikashika mizizi, akajivuta, akajitupa ukingoni, akakohoa mto nusu.

Kule alikotoka, Kifaru akaita kwa nguvu, "We Kibokooo! Mgeni kafika?"

Mzee Kiboko akatoa kichwa. Akamtazama Sange aliyelala ukingoni amelowa chapachapa. Akatazama bonde zima linalosubiri jibu. Aseme nini? Aseme alimzamisha mgeni wake katikati ya mto?

"Kafikaaa!" akajibu.

"Salama?"

"Salama salimini! Kama nilivyosema! Mgongo wangu huu hapa!"

Vigelegele vikapasua anga. Sange akacheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Akasimama, akatafuta pa kupita. Hapakuwa na pa kupita. Akaweka mguu, mwiba ukamchoma. "Aii!" Akauchomoa. Akaweka mguu mahali pengine, akatumbukia matopeni mpaka kitovuni. Akajinasua, akasogea kando kidogo, akaanza tena.

Mzee Kiboko alikuwa bado katikati ya mto, macho na masikio tu juu ya maji. Hakuondoka. Akaita, na sauti yake haikuwa tena na hasira.

"We Sange! Utalala wapi?"

"Sijui, Mzee!"

"Utakula nini?"

"Sijui!"

"Utapita wapi?"

"Sijui hata kimoja, Mzee!" Sauti ilikuwa tayari inatoka ndani ya magugu, na ilikuwa inacheka.

Basi wajukuu zangu, hadithi inatufunza hivi: ukingoja woga uishe ndipo uondoke, hutaondoka kamwe.